Hivi nani aliwaambia "Ndio Mzee" ni wimbo wa kumkaribishia mgeni rasmi?

Wakuu, nina hasira na leo sizunguki. Najua humu kuna ma-MC, ma-DJ na wajumbe wa kamati za maandalizi. Nijibuni: ni nani aliyewaambia "Ndio Mzee" ya rapa Professor Jay ni wimbo wa kumwingizia bosi ukumbini?

Juzi nilikuwa kwenye hafla ya ofisi fulani, siitaji. Mgeni rasmi kachelewa kama kawaida yao, soda zimeshaisha, watoto wa watu wa vikundi vya ngoma wamekaa juani na mavazi yao. Hatimaye gari likaingia. MC akashika maiki, "DJ, nipe ile ya mzee!" Ikagongwa. Watu wazima na shahada zao, wengine nimesoma nao, wakasimama wakawa wanamwitikia bosi kile kiitikio, mikono juu, na bosi naye anapunga, anacheka, meno yote nje. Kisha akapanda jukwaani akaahidi basi jipya la wafanyakazi na nyongeza ya posho. Ukumbi ukaitikia tena "ndio mzee", safari hii bila muziki.

Nikaangalia kushoto na kulia nione nani anacheka. Hakuna. Nikamfuata MC pembeni nikamuuliza kwa ustaarabu kabisa kama anaujua ule wimbo unasema nini. Akanijibu, "Kaka, si unawapa wazee heshima yao?"

Heshima! Nilitamani kulia.

Kwa mliozaliwa juzi: mwaka 2001, albamu ya "Machozi Jasho na Damu", imepikwa Bongo Records kwa mtayarishaji P-Funk Majani. Nchi ndiyo kwanza imetoka kwenye uchaguzi wa 2000, wa pili tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992. Jay alikuwa ametokea kundi la Hard Blasters, ambao "Chemsha Bongo" yao iliwakalisha chini hata wazazi waliokuwa wakisema rap ni uhuni wa watoto waliokosa kazi. Kumbukeni hilo, kwa sababu lilikuwa na maana kubwa: alipokuja na "Ndio Mzee" alikuwa tayari ana masikio ya baba na mwana sebule moja, redio moja.

Na alifanya nini na masikio hayo? Angeweza kutuimbia kwamba wanasiasa ni waongo. Tungetikisa kichwa, tungesema "kweli kabisa", tungeendelea na maisha. Hakufanya hivyo. Alivaa yeye mwenyewe suti ya mgombea, akasimama kwenye mkutano wa hadhara na kuanza kumwaga ahadi kwa sauti ileile ya jukwaani tunayoijua, ya mtu aliyeshiba anayewahurumia wenye njaa. Anachanganya ya kuaminika na yasiyoaminika. Dawa hospitalini, nani atakataa? Lakini hapohapo anapandisha. Mabomba yatatoa maji na maziwa. Wanafunzi wa sayansi watapelekwa mwezini kufanya mafunzo yao ya vitendo. Mwezini! Na kila anapopandisha, umati unajibu lilelile, kwa furaha ileile, kama uliyojibu kwenye dawa.

Sasa hapo ndipo wimbo ulipo, jamani. Mwanasiasa mwongo haikuwa habari mwaka 2001 na haitakuwa habari kesho. Habari ilikuwa sisi. Kiitikio, ile sehemu tamu kuliko zote, ile inayobaki kichwani ukiwa unaoga, Jay alitukabidhi sisi tuimbe. Na tukaimba, kwenye daladala, vijiweni, shuleni mwalimu akitoka darasani. Tukiamini tunamcheka mgombea, kumbe sauti inayochekwa ni ya kwetu. Huo ni mtego wa ndege, na mpaka leo bado tumo ndani tunafurahia mtama.

Na niwaambie wale wanaodharau rap, huu mtego usingewezekana kwenye muziki mwingine tuliokuwa nao. Dansi ilikuwa na mafumbo yake mazuri, taarabu ina vijembe vyake, sikatai. Lakini kumjenga mtu mzima, na majigambo yake, na namna anavyopumzika kusubiri makofi, kunahitaji ubeti mrefu wa maneno mengi. Rap ndiyo yenye nafasi hiyo. Ndiyo maana sipendi kusikia "wimbo mzuri wa kitambo" na basi. Ile ni kazi ya ufundi, mtu alikaa akafikiri ahadi ipi aichanganye na ipi.

Nakuja kwenu watangazaji. Mnapiga "Ndio Mzee" kwenye vipindi vya kumbukumbu, mnaongea juu ya ubeti wa kwanza ("dah, hii ngoma inanikumbusha mbali"), mnaachia kiitikio kisikike vizuri, halafu mnakata kabla ya ubeti wa pili kwenda kwenye tangazo la kubashiri. Yaani mnachotuachia ni "ndio mzee" peke yake. Mmetoa chambo mkaacha ndoano na hamjui hata mmefanya nini. Watoto nao wamechukua kipande hichohicho wanatengenezea video za mume anaitikia amri za mke. Hao siwalaumu, hawajawahi kuusikia mzima.

Kampeni nazo ndiyo usiseme. Na sitaji chama, kwa sababu wote ni walewale kwenye hili. Tangu enzi za 2005, msanii amekuwa sehemu ya jukwaa kama spika na jenereta. Chopa inatua, fulana na kofia zinagawiwa, msanii anapasha moto, watu wanajaa kumwona msanii, mgombea anapiga picha ya umati, jioni tunaambiwa "nyomi". Rap iliyoukejeli mkutano wa kampeni sasa ndiyo inayoujaza mkutano wa kampeni. Wasanii wana watoto wa kusomesha, nawaelewa, hela ya kampeni hulipwa mkononi wakati hela ya mirabaha unaisubiri mpaka uote mvi. Lakini msiniambie hakuna kilichopotea.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Mkuu, mbona Jay mwenyewe aliingia siasa?" Ndiyo, aliingia. Kwa jina lake halisi, Joseph Haule, akawa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema mwaka 2015 na akaondoka 2020. Rapa mwenzake Sugu alimtangulia Mbeya Mjini mwaka 2010. Mwana FA akapata Muheza kwa CCM mwaka 2020, na 2023 akateuliwa naibu waziri kwenye wizara ileile inayosimamia Basata, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Sina ugomvi na rapa kuwa mbunge, ni afadhali kuliko wengi tulionao. Kama alitimiza au hakutimiza, watu wa Mikumi ndio wa kusema, mimi si mpigakura wa kule. Lakini angalieni ujanja wenu: kila ukiutaja wimbo, mjadala unahamia kwa Jay. Alifanya nini, alihama lini, sasa hivi yuko wapi. Mwimbaji anakaguliwa kila siku. Waitikiaji hatujawahi kukaguliwa hata mara moja, na wimbo ulikuwa unatuhusu sisi.

Mnataka ushahidi kwamba hatukuelewa kitu? Rudini Machi 2017. Rapa Nay wa Mitego katoa "Wapo", mistari mikali, anagusa wakubwa. Polisi wakamkamata Morogoro, Basata wakaufungia wimbo. Haikuchukua muda, Waziri Mwakyembe, ambaye ndiyo kwanza ameshika wizara, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, Nay aachiwe, wimbo upigwe, na kama anataka kuuboresha aongeze na wakwepa kodi. Mitandaoni ilikuwa sherehe. "Mzee ni msikivu!" "Mzee ana moyo mkubwa!" Nilisoma maoni kurasa na kurasa nikitafuta mtu mmoja wa kuuliza: alikamatwa kwa sheria ipi? Kama kosa lilikuwepo, limefutwaje kwa sababu mtu mmoja kaupenda mdundo? Kama halikuwepo, nani anamwomba radhi kijana aliyelala mahabusu? Niliwapata wachache, wakawa wanatukanwa.

Yaani wimbo wa kulalamikia wakubwa uliruhusiwa na mkubwa, akaupangia mpaka mistari ya kuongeza, na nchi nzima tukaitikia. Jay angetunga kitu kama hicho mwaka 2001 tungemwambia kazidisha chumvi. Na hazikupita wiki mbili, Aprili mwanzoni, rapa Roma na wenzake wakatekwa wakiwa studio ya Tongwe, wakaonekana baada ya siku tatu. Hapo hakuna aliyeitikia "mzee ni msikivu".

Kwa hiyo mtakapotaka tena Professor Jay kwenye hafla ya mgeni rasmi, tafuteni "Kikao cha Dharura", ni yake vilevile. Mpigieni bosi hiyo akiwa anatembea kwenye zulia jekundu, tuone kama atapunga mkono. Au acheni rap kabisa, zipo nyimbo kibao za kusifia zilizolipiwa kwa kazi hiyohiyo, hazina hatia.

Povu ruksa. Ila yule atakayekuja na "mkuu punguza stress, wimbo ni wimbo tu", aanze kwanza kunieleza kwa nini "Wapo" ilifungiwa.