UZI: Wazazi mliopeleka watoto makumbusho, tupeane uzoefu (Dar na kwingineko)

Mzee wa Goba
Wakuu kwema? Nina madogo wawili, mkubwa yuko la tatu, mdogo ana miaka minne. Kila likizo kwetu ni bichi au kwenye michezo ya kupuliza, hela inaisha nusu saa halafu wanarudi wamenuna. Sasa juzi tupo kwenye daladala konda anaita "Makumbusho Makumbusho", mkubwa akaniuliza baba kwa nini panaitwa hivyo? Aisee nilikosa jibu, maana pale stendi mimi nashukaga mwaka wa kumi na ngapi sijui na humo Kijiji cha Makumbusho sijawahi kutia mguu, na ni hatua chache tu kutoka stendi.

Jumamosi nikawabeba. Kwa wasiopajua, pale Kijitonyama wamejenga nyumba za asili za makabila mbalimbali, kipo toka miaka ya 60, unazunguka nje kwenye miti unaingia nyumba moja moja. Msonge wa Wahaya ndio uliotuchanganya, nyasi zimeshuka mpaka chini kabisa, ndani giza, mdogo akagoma mlangoni akalia kama anapelekwa sindano.

Tukafika kwenye tembe la Wagogo. Mimi Mgogo jamani, wa Mpwapwa. Mkubwa anaangalia lile paa tambarare la udongo ananiuliza baba mvua ikinyesha je? Nikaanza kubabaisha. Mwisho nikampigia bi mkubwa kijijini nikaweka laudspika, kanijibu "wewe si umezaliwa ndani ya hiyo, leo unaniuliza mimi?" Nilicheka nikaona na aibu. Basi akaanza kumsimulia mjukuu, kwetu mvua zenyewe za kuhesabu, juu ya paa tulikuwa tunaanika mtama, ng'ombe wanalala uani katikati nyumba imewazunguka ili mwizi asiwafikie wala fisi. Dogo anamuuliza bibi na harufu je? Bibi anasema harufu ya ng'ombe ni harufu ya mali. Dakika ishirini tumesimama pale salio linakatika, watu wengine wakawa wanasogea kusikiliza, nadhani walijua mimi ndo mtembezaji.

Haya leteni na zenu, mlienda wapi, watoto walipenda nini, nini kiliwachosha.

Mama Pacha
Mimi nilienda ile ya Posta, Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Niliwajaza maneno wiki nzima kuhusu fuvu la Zinjanthropus, yule jamaa wa kale wa binadamu, miaka milioni 1 na laki 7 na nusu, mtafiti Mary Leakey kaliona Olduvai 1959 siku hiyo mumewe yuko kambini anaumwa homa, nimejisomea nikaiva kabisa. Kufika, Kulwa akaangalia sekunde tano akauliza "mama huyu alikuwa Muislamu au Mkristo?" Doto yeye kaona yale magego makubwa akasema huyu alikuwa anakula mifupa. Nikamwambia hapana, wanasema majani na vitu vigumu vigumu, akanikatalia.

Walichopenda ni magari ya zamani!! Kuna Rolls-Royce ya enzi za magavana wa Kiingereza, baadaye akaitumia Mwalimu, wakaganda hapo mpaka nikakaa chini. Ushauri wangu nendeni asubuhi, muda wa saa moja na nusu unatosha kabisa, mkimaliza vukeni bustani ya botaniki pale jirani wakimbie. Mimi nilitaka wasome kila kibao, matokeo yake saa ya pili wakaanza kupigana.

chapa_ilale
Na kitambulisho msisahau, mwenyeji bei yake na mgeni bei yake, tofauti si ndogo. Mimi nilienda na shemeji wa nje nikalipia wote nikarudi nyumbani kwa miguu 😂

Binti Kaole
Bagamoyo nako msipasahau, toka Dar kama kilomita 70 mnaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Misheni ya Wakatoliki kuna makumbusho na ule mbuyu uliomeza mnyororo, yaani mnyororo umeingia ndani ya shina kimebaki kipande kinachungulia, wanangu walitaka kuuvuta utoke. Kosa langu nikawapeleka na magofu ya Kaole saa saba mchana bila maji ya kutosha. Mwenzenu nimembeba mtoto mgongoni kalala fofofo, mtembezaji ananieleza habari za msikiti wa karne ya 13 mimi nawaza soda tu. Anzeni na Kaole asubuhi, misheni ina vivuli mtaimudu baadaye.

Ndovu Mkuu
Wadau wa TZ hamjambo, mimi niko Nairobi. Ile ya Museum Hill watoto huenda mbio kwa nyoka, lakini mimi hupenda kuwaonyesha Ahmed kwanza, yule ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Kenyatta alimpa ulinzi wa serikali asiuawe, akafa kwa uzee 1974. Pembe zake karibu zikwaruze chini. Kijana wangu akaniuliza, askari walikuwa wanamlinda hata akienda haja? 

Halafu kuna ile ya reli, hapo nawapa onyo. Kuna behewa ambalo mwaka 1900 pale Kima simba aliingia akamtoa afisa wa polisi kupitia dirisha usiku. Nilisimulia kwa madoido yote, nikajiona msimulizi kweli. Desemba tukapanda treni ya Mombasa, mtoto akakataa kabisa kukaa dirishani mpaka tumefika Miritini. Mama yake hajanisamehe.

mtu wa Lindi
Niko Berlin huku na mume na binti wa miaka saba. Shule ikawapeleka makumbusho ya viumbe vya asili, wazazi tukaomba kufuatana. Ukumbini kuna mifupa ya dinosaria imesimama zaidi ya mita 13, watoto wote midomo wazi. Nasoma kibao, Tendaguru. Jamani Tendaguru ni kwetu! Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na watu vichwani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi, zaidi ya tani 200. Nikamnong'oneza binti. Yeye hakunong'ona, akapaza sauti kwa Kijerumani "huyu anatoka kwa bibi yangu." Mwalimu akanigeukia ikabidi nieleze mbele ya darasa zima, mate yamenikauka. Mtoto mmoja akauliza kwa nini hamji kumchukua? Mpaka leo sijajua ningemjibuje.

Mzee wa Goba
Dah mtu wa Lindi umeniacha hoi.

Mrejesho, yule mdogo aliyelia kwenye msonge sasa kila jioni anachukua kanga za mama yake anajenga msonge wake nyuma ya sofa, na ukitaka kuingia lazima uiname. Mkubwa anataka tembe, nimemwambia mpaka bibi aje mwezi wa 12 asimamie ujenzi.

Jumamosi ijayo ni Posta. Mama Pacha, hayo magari yako upande gani, nianze nayo au niyafiche mpaka mwisho?