Mjadala: Misri ilikosea kuiua HA-300?

Mzizi wa Anga: Wadau, Mei 1969 Misri ilifunga mradi wa ndege ya kivita HA-300 pale Helwan, kusini mwa Cairo. Mbili za majaribio zilikuwa zimesharuka, ya kwanza tarehe 7 Machi 1964. Ya tatu ilikuwa ya injini yao wenyewe, E-300. Kuacha pale lilikuwa kosa kubwa.

Fundi Turbini: Mkuu, umeruka vita na Israel vya Juni 1967. Ndege za Misri ziliteketezwa zikiwa chini asubuhi moja, na ndege za kivita za MiG-21 zilikuwa zinakuja kutoka Urusi tayari kwa vita. Nani angengoja? Halafu HA-300 ni ya Mjerumani. Msanifu Messerschmitt aliianzia Hispania, Mmisri alikaza nati tu.

Bint Nile: Hilo la nati ni tusi, lifute. Umbo la mwanzo la Hispania halikuwa na mkia wa mlalo. Walipolivuta hewani bila injini, halikutulia. Iliyoruka Helwan ilikuwa nao. Na ndege ya kivita Marut ya India ilisanifiwa na Kurt Tank, Mjerumani vilevile. Kamwambie Mhindi kwamba Marut si yake.

Fundi Turbini: Sifuti. E-300 nayo ilisanifiwa na Brandner, Mwaustria. Na mnazungumza kana kwamba injini inabadilishwa kama betri. Orpheus ya Waingereza iliyorusha zile mbili ilitoa msukumo wa kilo 2,200 hivi, haikuwa na mfumo wa kuchoma mafuta ya ziada nyuma ya turbini. E-300 ilikusudiwa kutoa kilo 4,800 na huo mfumo. Ukiweka injini nzito zaidi nyuma, kitovu cha uzito nacho kinarudi nyuma, pua inataka kuinuka. Midomo ya hewa lazima ipanuliwe. Hewa ikiingia pungufu au ikiwa imevurugika, mapanga ya kompresa, sehemu inayokandamiza hewa, hayaishiki tena, hewa inarudi mbele kwa kishindo na moto unazimika.

Mzizi wa Anga: Ndiyo maana waliipandisha kwanza kwenye ndege ya mizigo An-12, kisha mwaka 1967 kwenye Marut iliyoletwa Helwan: E-300 upande mmoja, Orpheus upande wa pili. Ikizima, rubani ana nyingine ya kumrudisha. Wahindi walichangia fedha kwa sababu walihitaji injini hiyo.

Fundi Turbini: Misukumo isiyolingana inaivuta ndege upande mmoja, rubani anashikilia pedali kwa mguu muda wote. Hapo unapima injini, hujapima ndege ya kivita.

Bint Nile: Hatua ya kwanza ni kupima injini! Tazama Marut ilivyokwama: zilitengenezwa 147, zikapigana vita na Pakistan 1971, zote na Orpheus mbilimbili, na kasi ya sauti ikabaki ukuta. E-300 ingekamilika, nchi mbili zingepona.

Fundi Turbini: Kama ilikuwa mali ya Misri, mbona ile ya kwanza iko makumbusho ya Schleissheim, karibu na Munich?

Bint Nile: Kwa sababu Wajerumani waliichukua wakaikarabati. Rubani aliyeirusha mara ya kwanza alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava. Basi ni ya India? Umeanza na MiG-21, ukahamia nati, sasa makumbusho.

Mzizi wa Anga: Turbini, rudi kwenye E-300. Ilishafika angani. Taja sehemu gani ya injini isingerekebishika.

Fundi Turbini: Mapanga ya turbini. Yanazunguka yakiwa yamewaka, yanarefuka kidogokidogo hadi yanagusa ganda. Yanataka aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na tanuri la kuiyeyusha bila hewa. Nionyesheni tanuri hilo Helwan.