SGR ikifika Kigoma, treni ya kawaida ya abiria ibaki au iondoke?

Wakuu, tujadili hili mapema. Mkataba wa SGR, yaani reli ya kisasa, kipande cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kikikamilika, TRC (Shirika la Reli Tanzania) itakuwa na njia mbili za kufika Kigoma: ya umeme, na ile ya zamani iliyofikishwa na Wajerumani mwaka 1914. Wapo wanaotaka ya zamani ibebe mizigo tu. Napinga.

Treni ya mwendokasi haiwezi kusimama kila stesheni, la sivyo mwendokasi wenyewe uko wapi? Mtu wa Usinge au Malagarasi ataiona ikipita tu. Nguruka, treni ya kawaida ikisimama, ndilo soko lenyewe: samaki, mihogo, chai, wachuuzi wamejaa madirishani.

Mchangiaji, Tabora: Mkuu, soko zuri, lakini hasara analipa nani? Kichwa cha treni kikifa porini mnalala humo humo. Siku hizi kuna mabasi. Apewe mtu binafsi aendeshe.

Mleta mada: Mwekezaji wa nje tulishampa. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya TRL, kampuni ya reli ya wakati huo, na 2011 serikali ikairudisha yote mikononi mwake. Na sheria ya 2017 iliyounda TRC ya sasa haikumaliza swali la hasara, maana shirika linaambiwa lifanye biashara na papo hapo lihudumie vijiji visivyolipa. Mimi nasema serikali ilipie wazi, kwenye bajeti, kila safari ya treni ya kawaida iliyofanyika kweli. Isiposafiri, hakuna hela. Hapo menejimenti haitapata tena pa kuficha uzembe kwa kisingizio cha "huduma kwa wananchi".

Mchangiaji, Tabora: Hilo la kulipwa kwa safari nakubali. Ila masika maji yakisomba tuta la reli hiyo ya zamani kule Kilosa–Gulwe, safari hakuna, na si kosa la menejimenti. Utawakata hela?

Mfanyabiashara, Ujiji: Ninyi mnabishania bajeti. Mimi nina madumu ya mawese, na wateja wangu wako Kaliua na Urambo. Nionyesheni kwanza behewa la SGR litakaloyapokea, ndipo mniambie la zamani liondoke.