Ameinyanyua kadi yangu iliyoungua mbele ya wateja na kuniambia "joto ni joto"

Mpambakadi wa Mikunguni
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaandika hali ya kuwa mikono bado inanitetemeka, kwani nimetoka dukani kwake sasa hivi. Sina haja ya kumtaja. Kila anayefanya kazi za karatasi hapa Unguja anamjua, yule wa Darajani anayeuza kadi, gundi na riboni upande mmoja, na misumari na makopo ya rangi upande wa pili.

Ameichukua kadi yangu iliyoungua, akainyanyua juu mbele ya wateja wote, akaniambia: "Bibie, joto ni joto."

Nilimweleza tangu mwanzo, kwa utaratibu na kwa adabu, kwamba nataka mashine ya kunyanyulia nakshi kwenye kadi za harusi. Kwamba mtu hupiga muhuri kwa wino usiokauka upesi, humwagia unga wa dhahabu juu yake, hukung'uta uliozidi ukarudi kichupani, kisha huupulizia joto mpaka uyeyuke na kushikamana na karatasi. Aliitikia kila neno. Kisha akaniuzia mashine ya mafundi, ile ya kubandulia rangi kwenye milango, ambayo hewa yake hufika nyuzi 500 na zaidi, ilhali karatasi yenyewe hushika moto ikikaribia nyuzi 230! Kadi ilijikunja papo hapo, jina la bibi harusi likageuka kahawia, na nyumba ikajaa moshi hadi jirani akaja kuuliza kama tunachoma taka. Mashine ile ingeweza kuikausha bahari ya Forodhani ikabaki chumvi tupu.

Lakini kuungua kwa kadi si neno. Neno ni kuinyanyua. Angeweza kunirejeshea pesa zangu, angeweza hata kunikatalia kimyakimya nami nikaondoka. Yeye aliishika kwa ncha za vidole, akaizungusha polepole ili na walio nyuma waione, na miongoni mwa waliokuwapo alikuwamo shangazi wa bibi harusi mwenyewe! Joto ni joto! Mtu anauza vifaa vya joto, naye hajui kwamba mashine ya kadi hutoa hewa chache yenye moto mkali kwenye sehemu ndogo, na kwamba wati 300 hivi zinaitosha? Mbele ya shangazi, jamani. Joto ni joto!

Bint Wete
Pole sana, dada yangu. Huyo huyo aliniambia nisipoteze pesa, draya ya saluni inatosha. Draya hupuliza kwa nguvu na joto lake ni dogo, kwa hiyo unga wangu wote ulipeperuka. Niliukuta kwenye pazia, kwenye mswala na ndani ya birika la chai. Ule mdogo uliobaki juu ya kadi haukuyeyuka, ulibaki chengachenga kama ulivyomwagwa. Na mimi nilivuka kwa boti kutoka Pemba kwa ajili ya ushauri wake huo.

Mzee wa Kisiwandui
Nakuuliza kwa heshima, bibie. Mashine ina mdomo mpana na mpini wa fundi, nawe umeishika mkononi ukiwa dukani. Hukushtuka? Wajukuu zangu wa skuli ya msingi wangeshtuka. Tena mashine ya fundi yenye kiwango cha chini huweza kufanya kazi hiyo, ukiishika mbali na ukawa na subira, na subira ndiyo isiyoonekana katika maandishi yako.

Mpambakadi wa Mikunguni
Shikamoo, mzee wangu. Hii haina kiwango cha chini. Ina hatua mbili, moto na moto zaidi. Wala silo hilo ninalolilalamikia. Aliinyanyua kadi, mzee wangu. Aliizungusha!

Karatasi Nzito
Ninyi mnalalamikia vya dukani, mimi niseme nini? Binamu yangu aliniletea kutoka Marekani mashine ndogo, nzuri, ya kadi hasa. Umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 230, na fundi aliyenibadilishia plagi aliniambia hakuna tatizo lolote. Kubadilisha plagi hakubadilishi umeme! Waya wa ndani ulipata karibu mara nne ya nguvu uliyotengenezewa, ukawaka mwekundu, ukakatika, na mashine haikumaliza hata herufi moja. Fundi mwenyewe nanyi mnamjua.

Bint Wete
Wa pikipiki nyekundu? Huyo aliniharibia pasi.

Mpambakadi wa Mikunguni
Ndugu zangu, naomba turudi. Shangazi ameshampigia simu mama wa bibi harusi.

Kadi za Chake
Mimi mashine ninayo iliyo sahihi, ya volti 230. Naiwasha kwanza ikapata moto ndipo naielekeza kwenye karatasi, naishika vidole vitatu mbali, na naiondoa mara tu unga unapogeuka kutoka vumbi kuwa kitu kinachong'aa, kwa sababu ukizidisha hapo unga hunywewa na karatasi na kuacha doa la mafuta. Bado kazi inaharibika, na mwenye makosa ni muuzaji wa unga! Ananiuzia vumbi la kumetameta la kupambia kucha, na anaapa kwamba ni unga wa kunyanyulia.

Mzee wa Kisiwandui
Si unga, ni masika. Karatasi zenu zimeingia unyevu, na unga hunata hata pasipo na muhuri. Ipanguseni karatasi kwa kifuko cha poda kabla ya kupiga muhuri, na mziweke ndani ya debe lenye mfuniko.

Kadi za Chake
Mzee wangu, poda nilipangusa na debe ninalo. Niliuweka unga huo kwenye kijiko juu ya mshumaa. Ulijikunja na kunuka plastiki, haukuyeyuka ukawa maji. Ni wa uongo, na bei yake ni ya kweli.

Karatasi Nzito
Ni yule wa Mchangani, mwenye kuuza vichupa visivyo na karatasi ya maelezo?

Kadi za Chake
Ndiye.

Bint Wete
Basi ametuuzia sote. Mimi nilichukua wa fedha na wa dhahabu, na vyote viwili ni vumbi la kucha. Nikivuka tena nitakwenda na kijiko na mshumaa wangu, na kila kichupa nitakijaribu mbele yake kabla sijatoa pesa.

Karatasi Nzito
Nipitie tufuatane. Mimi nina wa shaba wa kumrudishia.