Koti la sufu la Memorial: fundi anataka kulikata, mimi roho inasita

Mwali wa Makoti (Moshi)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Nina swali la nguo, ila niwaeleze kwanza mvaaji, maana jibu linategemea koti linakwenda kwenye mwili wa nani.

Nina miaka 22, mrefu, mabega membamba, nasoma chuo hapahapa Moshi. Nguo zangu karibu zote ni mtumba wa kiume: mashati makubwa, suruali za marinda za kiuno cha juu nazibana na mkanda wa ngozi wa baba, chini raba nyeupe. Halafu lazima kanga ionekane mahali. Sare ya kitenge kuanzia kilemba mpaka pochi nawaachia wenye vikao vya harusi. Nina shati fundi alilishona kwa kanga, nikamwambia jina asilitupe, alilaze mgongoni chini ya kola. Limeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Mwalimu mmoja alinisimamisha mlangoni akalisoma kwa sauti, darasa zima likageuka. Tangu hapo kila Ijumaa watu wanataka kujua nimevaa maneno gani.

Sasa koti. Jamaa ninayenunua kwake soko la mtumba la Memorial huwa ananipigia akifungua robota la makoti, anajua udhaifu wangu. Safari hii nilipofika mikono ya watu ilishakuwa ndani ya lundo, nikavuta kilichokuwa chini kabisa. Koti refu la kike, sufu nzito, kahawia ya ugoro, lakini ukilisogeza karibu na jicho unaona punje nyekundu na za kijani zimefumwa humohumo. Vifungo vinne vikubwa, na nyuma ya kila kimoja, upande wa ndani, kumeshonewa kifungo kidogo bapa ili uzi usichane kitambaa. Nani leo anahangaika hivyo? Bitana yake rangi ya asali, imechanika makwapa yote mawili. Alianzia elfu kumi na tano, akaniachia kwa kumi na mbili.

Nyumbani nikaligeuza nje ndani. Kwenye mshono wa ubavuni kuna kilebo kidogo, nyekundu, nyeupe na bluu, kimeandikwa ILGWU. Sijawahi kukiona.

Shida ni mabega. Yana sponji nene, nikivaa nafanana na mlinzi wa benki. Fundi wa mtaani kwetu anasema toa mabega, kata urefu hadi nyonga, weka zipu mbele "liwe la kisasa". Aliposema zipu nikakunja koti langu nikaaga.

Nikate, au nilivae lilivyo? Na bitana nifanyeje? Baridi ya Juni ya huku kwetu haisubiri.

Robota Karume (Dar)

Dada, mimi nafungua marobota Karume tangu kabla soko halijaungua Januari 2022, na baada ya hapo nikaanza upya. Nakwambia kama mfanyabiashara: kata.

Koti zito la sufu huku Dar ni mzigo. Nikifungua robota nikakuta yamo mengi, nachukia. Tunayakusanya yanapanda basi kuja kwenu, Moshi, Arusha, mengine Mbeya na Makambako. Mteja wa Dar ukimwonyesha anakuuliza kama unamtakia homa. Kwa hiyo hiyo elfu kumi na mbili umelipia baridi ya mlimani.

Lebo nazo zisikuzuzue. Mteja anayejua anaangalia kwapa, kola na zipu, halafu analinusa. Nguo imeshanunuliwa, ni yako, ivae inavyokufaa. Ukianza kuogopa kuigusa, umeshakuwa mlinzi wake kweli.

Kamera Toi (Nairobi)

Wewe wa Karume, wacha kuharibu mtoto wa watu. Hiyo ni kamera kabisa, mtumba wa daraja la kwanza! Huku soko la Toi hiyo haingefika kwa rundo, ingeenda moja kwa moja kwa wale vijana wa kupiga picha na kuuza kwa simu, na bei ingekuwa mara tano.

Dadangu, usikate hata sentimita. Mabega makubwa ndiyo watu wanatafuta sasa. Vaa na hiyo suruali ya marinda, funga mkanda juu ya koti, umemaliza. Ama uniuzie mimi, natuma pesa leo.

Mwali wa Makoti

Haliuzwi. 😂

Mkanda juu ya koti nimejaribu sasa hivi mbele ya kioo. Kiuno kinakaa vizuri, lakini mabega ndiyo yanazidi kuonekana mapana. Labda mtu mnene kidogo kuliko mimi lingemkaa.

Mama Bronx (New York)

Hujambo mwanangu. Nimesoma hapo kwenye lebo nikavaa miwani upya.

Miaka mingi nimekuwa nikifanya kazi ya kurekebisha nguo kwenye duka la dobi huku New York, na kilebo hicho nakiona kwenye makoti ya bibi wa watu. ILGWU kilikuwa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo za kike, kilianzishwa hapahapa New York mwaka 1900. Wengi walikuwa wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitalia, baadaye wakaja watu weusi, Wapuerto Riko na Wachina. Mwaka 1911 kiwanda kimoja cha mashati, Triangle, kiliungua na milango imefungwa, wakafa watu 146, wengi umri wako au chini yako. Baada ya moto ule watu wengi zaidi wakaanza kukisikiliza chama. Lebo ilikuwa inamwambia mnunuzi kwamba aliyeshona ana chama na anapata mshahara wa makubaliano.

Rangi ndizo zinazokupa umri. Hiyo ya nyekundu, nyeupe na bluu ilianza 1974, na mwaka 1995 chama kikaunganishwa na kingine, jina likaisha. Kwa hiyo koti lako lilishonwa katikati ya hapo. Kwa sponji nene namna hiyo mimi ningesema miaka ya themanini. Limekuzidi umri, liamkie.

Limefikaje Memorial? Mtu amefariki au amehama, watoto wamepeleka nguo kwenye duka la hisani, haikununuliwa, ikauzwa kwa uzito pamoja na zingine. Huku baridi ni kali lakini vijana wanataka jaketi jepesi la manyoya ya bata.

Kuhusu kukata sisemi, si koti langu. Ila kabla hujaliingiza kabatini, kagua kola na chini ya mifuko kama kuna vitobo vya nondo. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liweke kwenye friza wiki moja au mbili, mayai ya nondo yanakufa. Na usilichemshe wala kulifua kwa maji ya moto. Sufu inajikaza inakuwa ngumu, mkono wa mtu mzima unabaki wa mtoto.

Mwali wa Makoti

Marahaba kwa niaba ya koti, mama. Shikamoo mimi.

Friza ya nyumbani ina sato wa biashara ya mama. Nikiliweka humo sitajua kipi kitanuka kipi. Nitaomba kwa rafiki anayeuza barafu.

Hiyo habari ya moto imenifanya nikavitazame tena vile vifungo vidogo vya nyuma. Zipu ndiyo haiingii tena kabisa.

Fundi Ngarenaro (Arusha)

Mdogo wangu, ngoja mwenye cherehani aseme.

Huyo fundi wako akisema "toa mabega" anajua anachokuambia, au ametaja tu? Kupunguza bega la koti si kama kupunguza shati. Inabidi ufumue mkono wote, ukate upya tundu la kwapa, na ukishalikata, kichwa cha mkono hakilingani tena na tundu, kwa hiyo nacho unakikata upya. Mkono unapanda juu, unakuwa mfupi. Ile kola iliyolala kifuani inabaki pana huku bega limesogea ndani, mtu anaonekana amevaa koti la kaka yake. Mifuko ukikata urefu hadi nyonga itakaa ukingoni kabisa, mkono ukiingia kidole kinaona jua. Kazi hiyo nikiifanya vizuri nitakudai zaidi ya mara mbili ya ulichonunulia. Nikiifanya vibaya hatutasalimiana.

Fanya hivi. Bitana imeshachanika, kwa hiyo ndani tunaingia bila dhambi. Fumua pale kwapani, toa sponji nene, weka nyembamba. Usiache patupu! Koti lilikatwa kwa ajili ya kubebwa na kitu, ukiliacha bila chochote kitambaa kitakunjana juu ya mkono. Sponji nyembamba inashusha bega, na hizo nene unaziweka kwenye mfuko, siku ukinenepa au ukibadili mawazo zinarudi. Mikono usikate, ikunje mara moja nje, bitana ionekane.

Hakikisha kwanza ni sufu tupu. Chomoa nyuzi mbili kwenye mshono wa ndani, ziwashe kwa kiberiti. Zikinuka nywele zilizoungua na kusagika kuwa jivu, ni sufu. Zikiyeyuka zikaacha kidonge kigumu, kuna plastiki humo, na pasi yako iende taratibu.

Mwali wa Makoti

Nimewasha. Zimenuka saluni siku ya blodrai. Sufu.

Fundi, nina wazo, usinicheke. Bitana mpya niweke kanga? Mama amekubali kunipa kipande kimoja cha doti yake ya zamani, nyekundu na nyeusi, pindo la korosho, imefuliwa mpaka imelainika kama shuka la mtoto. Jina lake "Wema hauozi". Nataka jina likae ndani katikati ya mgongo, nikivua koti darasani watu walisome.

Kamera Toi

Hapa sasa umenimaliza. Bei imepanda, naongeza.

Robota Karume

Mimi niliyesema kata nanyamaza. Lakini doti ya mama unaivunjaje? Kipande kitakachobaki kitakuwa mjane.

Mwali wa Makoti

Kitabaki kwake. Cha pili anakitumia jikoni siku nyingi, kina alama ya sufuria.

Fundi Ngarenaro

Sikucheki, ila nina mambo mawili.

La kwanza, mikono. Kanga ni pamba, inashika. Ukivaa shati la mikono mirefu halafu mkono wa koti una pamba ndani, utavuta shati lote juu mpaka kiwiko. Mikono tunabakiza hiyo bitana ya asali inayoteleza, tunaziba kwapa kwa kipande cha rangi ya karibu. Kanga inaingia kiwiliwili tu.

La pili, hilo jina mgongoni. Bitana ya koti lazima iwe na rinda moja la wima katikati ya mgongo, ndiyo nafasi yako ya kuinama na kunyoosha mikono. Pamba haivutiki, bila rinda itachanika ukipanda bodaboda ya kwanza. Sasa ukilaza jina pale, rinda litameza herufi. Utapata "Wema" upande huu na "ozi" upande wa pili, na "hau" imelala humo ndani.

Mimi ningeliweka wima upande wa kushoto kifuani, sambamba na vifungo, herufi zianze juu zishuke. Ukifungua koti kuchukua simu linasomeka. Mgongoni weka mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, na pindo lizunguke chini.

Mama Bronx

Fundi huyu ana akili. Na kilebo kirudishwe kwenye mshono wake, tafadhali, upande uleule.

Mwali wa Makoti

Wima kifuani, nimekubali. "Wema ozi" hapana, nitachekwa hadi mahafali.

Fundi, naweza kuja Jumamosi? Na nilete nini?

Fundi Ngarenaro

Njoo kabla ya saa sita, mchana kuna sare za kwaya. Kanga hata kama ni ya zamani ifue tena na uianike, ikiwa na kurudi irudi kabla sijaikata. Lete koti bila kufumua chochote, hapo kwapani nataka nione mwenyewe uzi ulivyokatika. Na uvae shati nene kabisa utakalovalia ndani yake, pamoja na hizo raba. Wasichana mnakuja kupima koti la baridi mmevaa vesti, halafu Julai mnanipigia simu halifungi.