Uingereza chini ya League Two: madaraja, viwanja na mikataba ya nusu kulipwa

Beki wa Pembeni

Wakuu, habari za jioni. EPL, Championship, League One na League Two nazifuatilia, jumla timu 92. Kuanzia hapo kushuka ndiyo napotea. Huku kwetu Tanzania najua ukitoka Ligi Kuu kuna Championship, First League, halafu mabingwa wa mikoa. Kule naona timu inamaliza nafasi ya sita, inatakiwa icheze mchujo (play-off) wa kupanda daraja, halafu inaambiwa ikae pembeni. Naomba wajuzi mfafanue: ngazi zimepangwaje na nani anapanda? Kwa nini timu inyimwe wakati pointi inazo? Na mchezaji wa nusu kulipwa anafungwa na nini hasa, mkataba au maneno tu? Pia kijana wetu aliyeko kule kwa masomo anaruhusiwa kujiunga?

Mzee wa Ratiba

Mkuu, anza na hesabu, mengine yatajipanga. Chini ya League Two kuna mfumo mmoja unaosimamiwa na FA (chama cha soka cha kule), umegawanywa kwa hatua. Hatua ya 1 ni National League, timu 24, nchi nzima. Ilianzishwa 1979 kwa jina la Alliance Premier League. Hatua ya 2 ni ligi mbili, National League North na National League South. Hatua ya 3 ni ligi nne: Northern Premier, Isthmian, na Southern yenye makundi mawili. Hatua ya 4 ni makundi 8, hatua ya 5 ni 16. Kadiri unavyoshuka ndivyo eneo la kila kundi linavyopungua, kwa sababu nauli ya basi ndiyo inayoua klabu ndogo.

Kupanda: bingwa wa National League anakwenda League Two moja kwa moja. Nafasi ya pili inagombewa kwa mchujo wa timu zilizoshika nafasi ya 2 hadi ya 7. Wa 2 na wa 3 wanasubiri nusu fainali, wanne waliobaki wanaanza wao kwa wao, mechi moja tu, uwanjani kwa aliyemaliza juu. Fainali ni Wembley. Nafasi mbili hizo zipo tangu msimu wa 2002/03, kabla ya hapo ilikuwa moja. Na kabla ya 1987 hakukuwa na kupanda kwa pointi kabisa, vilabu vya juu vilipiga kura nani aingie. Wigan Athletic iliingia kwa kura mwaka 1978, Southport ikatolewa. Wa kwanza kupanda kwa ubingwa ni Scarborough mwaka 1987, na Lincoln City ndiyo iliyoshuka kumpisha.

Chini ya hapo hesabu inaoana vizuri. National League inashusha timu 4. North na South kila moja inapandisha bingwa na mshindi wa mchujo, jumla 4. Zenyewe zinashusha 4 kila moja, yaani 8, na makundi manne ya hatua ya 3 yanapandisha wawili wawili, 8 tena.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mpaka wa Kaskazini na Kusini hautulii. Kila msimu ukiisha FA inakaa na ramani, inahesabu nani kapanda na nani kashuka, halafu timu za katikati ya nchi ndizo zinazosukumwa huku au kule. Gloucester City imewahi kuhamishwa kutoka North kwenda South na kurudishwa, bila kupanda wala kushuka.

Kipa Namba Mbili

Nijibu la kunyimwa. Timu unayoizungumzia bila shaka ni Gateshead, msimu wa 2023/24. Ilimaliza ya sita. Uwanja wanaotumia ni mali ya halmashauri, na EFL (wasimamizi wa Championship, League One na League Two) ilitaka klabu inayoingia kwake iwe na uhakika wa kuutumia uwanja wake kwa miaka 10. Hati hiyo haikupatikana kwa wakati, wakaondolewa kwenye mchujo. Mwezi wa Mei wakaenda Wembley na kutwaa FA Trophy (kombe la timu za chini ya League Two) kwa penalti dhidi ya Solihull Moors, timu iliyokuwa imetoka kucheza fainali ya mchujo ambao wao walikatazwa. Hayo ndiyo maudhi yenyewe.

Si jambo geni. Mabingwa watatu mfululizo walinyimwa kwa ajili ya uwanja: Kidderminster Harriers 1994, Macclesfield Town 1995, Stevenage Borough 1996.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila hatua ina daraja lake la uwanja. Mkaguzi anakuja na orodha: idadi ya watazamaji, viti, paa la jukwaa, milango ya kuingilia, ukubwa wa vyumba vya kubadilishia, chumba cha waamuzi, uzio wa kuzunguka kiwanja, nguvu ya taa. Tarehe ya kuangalia ni 31 Machi, yaani ligi bado inachezwa na hujui kama utapanda. Kamati inayosema "tupande kwanza, jukwaa baadaye" ndiyo inayolia. Ombi la kibali cha ujenzi linaweza kukaa miezi halmashauri, na majirani wakipinga taa mpya unaanza upya.

Halafu kuna nyasi bandia. Kwenye National League zinaruhusiwa, na klabu nyingi za chini zinaishi kwazo, maana unakodisha kiwanja kila jioni ya wiki na mechi haiahirishwi kwa mvua. EFL haizitaki. Harrogate Town walipopanda 2020 na Sutton United 2021 ilibidi wang'oe zulia zima na kupanda nyasi za asili. Unapanda daraja, na siku hiyohiyo unapoteza chanzo chako cha pesa.

Siku Saba

Upande wa wachezaji: kuna aina mbili. Mwenye mkataba, na asiye na mkataba ambaye amesajiliwa tu. National League sasa vilabu vingi ni vya kulipwa kamili, mazoezi ni asubuhi. Hatua ya 2 mchanganyiko. Kuanzia ya 3 kushuka, kawaida ni mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku baada ya kazi, mechi Jumamosi saa tisa alasiri. Mechi ya katikati ya wiki ikiangukia Jumanne, mazoezi ndiyo yamekufa.

Mwenye mkataba huwezi hata kumpigia simu bila ruhusa ya maandishi ya klabu yake. Asiye na mkataba unatoa notisi ya siku saba. Katibu wa klabu yako anamwandikia katibu wa klabu ya mchezaji, zikipita siku saba unaweza kuzungumza naye na kumsajili. Klabu yake ikikubali inaweza kuziondoa siku hizo, akahama palepale. Ndiyo maana barua ya notisi ikifika Jumatatu, kocha wake wa sasa mwenye akili anamwita kijana Jumanne na kumwekea mkataba mezani.

Mtego uko kwenye usajili. Fomu isipokamilika kabla ya mechi, au adhabu ya kadi iliyobebwa kutoka klabu ya zamani ikisahaulika, umechezesha mtu asiye halali na pointi ulizovuna zinafutwa. Katibu mzuri hatua hizi ana thamani kuliko mshambuliaji.

Wakili wa Mtaani

Kuhusu mwanafunzi, tafadhali msome kwa makini kabla hamjampoteza mtu. Visa ya mwanafunzi ya Uingereza inakataza kufanya kazi ya mwanamichezo wa kulipwa, na tafsiri ya sheria za uhamiaji inajumuisha nusu kulipwa, awe analipwa au halipwi. Hivyo "nachezea bure, napewa nauli tu" si kinga. Tafsiri hiyo inamgusa pia aliyechezea timu ya taifa ndani ya miaka miwili iliyopita, na vijana kuanzia U17 wamo. Aliyechezea Serengeti Boys mwaka jana asidhani yeye ni wa ridhaa.

Salama kwake ni timu ya chuo au ligi za Jumapili za ridhaa. Na kama alisajiliwa TFF, klabu ya kule itahitaji ITC (hati ya uhamisho wa kimataifa) kabla hajagusa mpira wa mashindano. Iombwe mapema, usajili haukamiliki bila hiyo.

Beki wa Pembeni

Nashukuru sana wakuu. Kimebaki kimoja: hizi timu zinaingiaje FA Cup?

Mzee wa Ratiba

Zinaanza Agosti, raundi za awali. North na South zinaingia raundi ya pili ya kufuzu, National League raundi ya nne ya kufuzu. Washindi 32 wa raundi hiyo wanaungana na timu 48 za League One na League Two, inakuwa raundi ya kwanza rasmi yenye timu 80. EPL na Championship wanaingia raundi ya tatu, Januari. Maidstone United ya National League South ilipitia njia hiyo 2024, ikaitoa Ipswich Town 2-1 ugenini na kufika raundi ya tano. Msimu huohuo Ipswich wakapanda EPL.