Tiketi kwa Kihispania: billete, boleto au entrada?

Mgeni_wa_Madrid:
Habari zenu wakuu. Naenda Madrid mwezi ujao. Mwalimu wangu, mtu wa Meksiko, kanifundisha kuwa tiketi ni boleto. Nafungua tovuti ya treni za Renfe, naona billetes. Makumbusho ya Prado nao wanauza entradas. Nishike lipi?

Mpishi_Lavapiés:
Mdogo wangu, tazama tiketi yenyewe inakufanyia nini. Ikikusafirisha, kwa treni, basi au ndege, hiyo ni billete. Ikikuingiza mahali ukatazame kitu, iwe sinema, mpira au hiyo Prado, ni entrada. Mwalimu wako yuko sahihi kwa kwao, maana Meksiko boleto hubeba safari na tamasha pia. Ukiitamka dirishani stesheni ya treni ya Atocha, hapa Madrid, watakuuzia bila shida, ila watajua Kihispania chako kimevuka bahari.

Billete ni noti ya pesa vilevile. Muuzaji akikuomba billete ndogo zaidi, hana chenji huyo, usimpe tiketi ya basi.

Halafu uje Desemba uone vituko. Bahati nasibu ya Krismasi huchezeshwa tarehe 22, na jikoni kwetu hakuna mazungumzo mengine. Hapo kila mtu ananunua décimo, moja ya kumi, kwa euro 20. Kumi zikikamilika ndiyo billete. Boleto kwa hapa Hispania ni ile karatasi unayojaza namba mwenyewe, kama ya Primitiva, bahati nasibu nyingine ya hapa.

Kaka_wa_BsAs:
Huku Argentina tena mambo mengine. Basi la mjini, boleto. Basi la mbali au ndege, pasaje. Mpira ni entrada kama huko kwenu.

Mtu_Mfupi:
Mnamchosha bure. Aseme tique tu, si ndiyo tiketi hiyo hiyo?

Mpishi_Lavapiés:
Thubutu! Supamaketi wakikuuliza kama unataka tique, wanaongelea risiti. Ukienda kuomba tique ya Sevilla pale stesheni watakuelewa, sikatai, lakini kwa nini ujitese na neno billete lipo?

Mgeni_wa_Madrid:
Asante kaka. Na metro je?

Mpishi_Lavapiés:
Metro unanunua kwanza kadi, tarjeta Multi, euro 2.50, na hiyo haina safari hata moja ndani. Safari unaziongeza kwenye mashine hiyo hiyo. Usiitupe ukitoka, kesho utaijaza tena.